Sura ya 7: Mizani Kabla ya Mashine

"Nina dola mia nne. Ninunue mashine gani?"

Hilo ndilo swali la karibu kila Mswahili aliyehamia Marekani akazoea kwenda kwenye kiwanja cha shabaha, au akaalikwa na wenzake wa kazini kuwinda kulungu mwezi wa Novemba. Anamwona mtu anainama kuokota maganda ya risasi alizokwisha kupiga, anayatia mfukoni, na akimuuliza anaambiwa yanakwenda kujazwa upya nyumbani, gereji, jioni baada ya kazi. Kesho yake anafungua simu na kukutana na mashine za buluu, za kijani na nyekundu, kila moja ikisifiwa kuwa ndiyo bora, na hajui ashike ipi.

Nitalijibu swali lake, ila si kwanza. Mashine inaulizwa sana kwa sababu ndiyo inayoonekana: imefungwa mezani kwa bolti, ina mkono mrefu wa chuma, na ikipigwa picha inapendeza. Lakini mashine ya bei ya chini inatoa risasi nzuri kabisa ikiwa anayeitumia anajua kilichomo ndani ya kila ganda, na ya dola elfu mbili haimsaidii asiyejua. Kwa hiyo tutatafuta kwanza vifaa vinavyokuonyesha kosa kabla halijafungiwa ndani ya risasi, ndipo tufike kwenye mkono wa chuma.

## Kabla ya duka, sheria

Sheria ya shirikisho ya Marekani haimtaki mtu awe na leseni ili ajaze risasi za matumizi yake mwenyewe, mradi awe anaruhusiwa kumiliki silaha. Akitaka kuzitengeneza za kuuza, hapo anahitaji leseni ya watengenezaji wa risasi, ile iitwayo aina ya 06. Majimbo nayo yana masharti yake, mengine makali kuliko ya shirikisho.

Jambo ambalo wenyeji hawatakwambia, kwa kuwa haliwahusu, ni hili: aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, ila kwa vighairi vichache kama cha mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Kama hujui umesimama wapi, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujanunua chochote. Kosa la silaha linaweza kukurudisha ulikotoka.

Na kwa msomaji wa Tabora au Nakuru, sura hii ni ya kujua tu, si ya kutenda. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote kuwili, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.

## Risasi moja, vitu vinne

Tunaposema risasi, kwa mazoea tunamaanisha kitu kizima kinachoingia kwenye silaha. Kwa anayejaza, kitu hicho kimoja ni vinne:

- Ganda, yaani kikombe cha shaba iliyochanganywa na zinki kinachobeba vyote vingine.
- Fataki, kidude kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Kikigongwa kinatoa cheche.
- Baruti, inayowaka kwa cheche hiyo na kutoa gesi.
- Kichwa, yaani kile kipande cha madini ya risasi, au cha madini hayo yaliyovikwa shaba, ambacho gesi hukisukuma nje ya mtutu.

Baada ya kupiga, kichwa kimekwenda, baruti imekwisha, fataki imekufa. Ganda limebaki, na mara nyingi ganda ndilo lenye bei kubwa kuliko vingine vyote. Kazi yote ya kujaza upya imejengwa juu ya ukweli huo mmoja.

Lakini si kila ganda linafaa. Ya chuma na ya aluminiamu huachwa chini. Ya shaba nayo ni ya namna mbili, na utazijua kwa kuchungulia ndani kwa tochi. Likiwa na tundu moja katikati ya sakafu yake, hilo ni la mfumo wa Boxer, na pini ya mashine itapita humo na kuisukuma nje fataki iliyokufa. Likiwa na vitundu viwili vya pembeni, hilo ni la mfumo wa Berdan: pini itagonga sakafu na kuvunjika. Kichekesho ni kwamba Edward Boxer alikuwa ofisa wa Kiingereza na Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, ila Marekani ndiyo iliyoshika mfumo wa Mwingereza, na wa Mmarekani ukaenda kuenea katika risasi za majeshi ya Ulaya. Anayeanza achukue la tundu moja, jingine aliache.

## Inalipa kweli?

Wamarekani hawakuanza mchezo huu kwa starehe. Wawindaji wa nyati wa karne ya 19 walikuwa mbali na maduka, wakijaza maganda yao kambini. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal kule Connecticut, akauza koleo za mkono za kazi hiyo. Kampuni ya Lyman iliinunua mwaka 1925. Umaarufu wenyewe ulikuja na Vita vya Pili vya Dunia. Risasi za raia ziliadimika, na mwaka 1943 Fred Huntington, huko Oroville, California, akaanza kutengeneza vifaa vya kuundia vichwa vya risasi. Ndiyo kampuni ya RCBS ya leo, yenye mashine za kijani. Vita vilipokwisha serikali ilibakiwa na shehena za baruti, na Bruce Hodgdon wa Kansas akainunua na kuwauzia wajazaji. Mwaka 1958 Richard Lee, katika karakana ya nyumbani kwake Wisconsin, akaunda kifaa kidogo cha bei rahisi kinachotumia nyundo badala ya mashine, mwanzoni kwa risasi za shotigani.

Kwa hiyo uhaba ndio mama wa kazi hii, na hata leo watu huikumbuka risasi zinapotoweka madukani, kama ilivyokuwa mwaka 2013 na tena kuanzia 2020. Ila uhaba wa siku hizi unakuja na mtego wake: risasi zikitoweka, fataki nazo hutoweka. Mwenye mashine bila fataki ana pambo tu mezani.

Kuhusu fedha, jibu linategemea unapiga nini. Risasi za bastola za milimita 9 zinatengenezwa kwa wingi sana viwandani, na bei yake iko chini. Ukijaza mwenyewe utaokoa senti chache kwa kila moja, na itachukua muda mrefu gharama ya vifaa irudi. Risasi kubwa za kuwindia, au za bunduki za zamani ambazo viwanda vinazitengeneza mara chache, hapo akiba ni ya kuonekana. Na wenye raifo hupata faida nyingine isiyo ya fedha: wanaweza kutafuta mchanganyiko unaopatana na mtutu wao, mpaka matundu yakusanyike pamoja kwenye karatasi ya shabaha. Wajazaji wa zamani wana utani wao, kwamba kazi hii haikupunguzii matumizi, inakuwezesha kupiga zaidi kwa fedha ile ile. Ni utani wa kweli.

## Kitabu: dola za kwanza

Kifaa cha kwanza kununua hakina hata chuma. Ni kitabu cha vipimo. Lyman, Hornady, Speer, Sierra na Lee wote wanavyo, na kampuni za baruti hutoa vyao. Ndani yake kila aina ya risasi ina kurasa zake: kichwa cha uzito huu, kwa baruti hii, anza na kiasi hiki, usizidi kile. Kiasi cha kuanzia kimewekwa chini makusudi, upande kidogokidogo huku ukikagua maganda yaliyopigwa.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu kinachotokea ndani ya silaha ni shinikizo, yaani nguvu ya gesi inayosukuma kila upande, pamoja na upande wa uso wako. Marekani ina taasisi ya watengenezaji iitwayo SAAMI, iliyoundwa mwaka 1926, inayoweka kikomo cha shinikizo kwa kila aina ya risasi. Kwa .38 Special kikomo ni ratili 17,000 kwa kila inchi ya mraba. Kwa .357 Magnum ni 35,000, na risasi hizo mbili zinaweza kubeba kichwa kile kile na kupigwa katika bastola moja ya silinda. Anayechanganya kurasa hizo mbili amezidisha mara mbili bila kujua. Raifo ya .30-06 inafika 60,000.

Mtego mwingine ni majina. Kuna baruti iitwayo IMR 4350, kuna H4350, na kuna Accurate 4350. Tarakimu ni zile zile, lakini ni baruti tatu tofauti, kila moja na vipimo vyake. Kwa macho hutaweza kuzitenganisha. Ndiyo maana hutakuta katika sura hii hata kipimo kimoja cha baruti: kipimo unakisoma kwenye kitabu cha waliokipima maabara. Hukichukui kwa rafiki, wala kwa fundi wa mtaani, wala kwangu.

Nunua vitabu viwili kama mfuko unaruhusu. Vikitofautiana, anzia kwenye kiasi kidogo zaidi.

## Mizani: dola za pili

Baruti hupimwa kwa greni. Ratili moja ina greni 7,000. Gramu moja ina greni 15.4 hivi. Risasi nyingi za bastola hubeba chini ya greni 10. Sasa chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja: kwa mizani hiyo, baruti yote ya risasi ya bastola haipo kabisa, haijaifikia hata gramu moja. Mizani ya kazi hii lazima ionyeshe sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6 na nusu.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtambo wa zamani, yenye mkono unaoinuka na kushuka na vijiwe vya kusogeza. Inachelewesha, na upepo wa feni unaiyumbisha, lakini haina betri na haibadiliki kwa kuwa chumba kimepata joto. Ya pili ni ya kidijitali. Ni ya haraka na rahisi kusoma, ila zile za bei ya chini huhamahama: unaiwasha, inasoma sifuri, baada ya robo saa sifuri yake si ile tena, na namba inayokuonyesha inang'aa kwa ujasiri ule ule. Ubaya wake ndio huo, kwamba haikwambii ikikosea.

Ukinunua ya kidijitali, nunua pamoja nayo vijiwe vya uzito unaojulikana. Iwashe mapema ipate joto na kutulia, ipime kwa kijiwe, fanya kazi kidogo, ipime tena. Kwa mtu anayeanza napendelea ile ya mkono. Haina haraka, na anayeanza hana sababu ya kuwa na haraka.

Kuna pia kipimia baruti: pipa dogo lenye mpini, ukiugeuza linamwaga kiasi ulichokiweka. Kinapima kwa ujazo, si kwa uzito, hivyo mizani ndiyo bwana wake. Mwaga, pima, rekebisha, na katika kazi yenyewe urudi kupima kila baada ya risasi kadhaa. Ukimaliza, baruti irudi kwenye kopo lake usiku ule ule. Kipimia kilichoachwa na baruti ndani ni fumbo la wiki ijayo: hii ilikuwa ipi?

## Kibao cha matundu 50

Hiki ni kipande cha plastiki au mbao chenye matundu ya kusimamishia maganda. Kinauzwa dola chache, na mwenye drili anaweza kukichonga mwenyewe. Wanaoanza hukipuuza. Mimi nakiweka juu ya mashine kwa umuhimu, nami nitaeleza.

Baruti ya bastola mara nyingi haijazi hata nusu ya ganda. Maana yake ni kwamba ukipitiwa ukamwaga mara mbili, ganda litapokea bila kulalamika, kichwa kitakaa vizuri juu yake, na risasi itafanana na wenzake kwa nje. Ukiipiga, bastola inaweza kupasuka mkononi. Kinyume chake, ukisahau kumwaga kabisa, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Silaha inatoa mlio hafifu, mpigaji asiyejua anapiga nyingine nyuma yake, na mtutu unavimba au unapasuka.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Jaza baruti maganda yote yakiwa yamesimama kwenye kibao, kisha chukua tochi na utazame ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Yakiwa yamekaa pamoja, lenye baruti ya kuzidi na lililo tupu hujitokeza lenyewe. Baadhi ya wajazaji huongeza kinga nyingine: katika baruti zilizoruhusiwa na kitabu, wanachagua inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili ikimwagwa mara mbili ifurike mezani.

Kwa ufupi, mpaka hapa: kitabu kinakwambia kiasi, mizani inakuhakikishia kiasi, kibao na tochi vinakuonyesha kama kila ganda limekipata. Bado hatujanunua mashine.

## Sasa, mashine

Ziko za aina tatu.

Ya hatua moja hufanya kitendo kimoja kila unapovuta mkono. Unapitisha maganda yote 50 katika kitendo cha kwanza, unabadilisha kifaa cha juu, unayapitisha yote katika cha pili, na kuendelea. Mtu makini anayeanza hupata risasi kama 50 kwa saa.

Ya kichwa kinachozunguka ina vifaa vyote vimekwisha kufungwa juu. Badala ya kufungua na kufunga, unazungusha kichwa. Ni ya kasi ya kati, na kwa mpigaji wa bastola ni chaguo la heshima.

Ya mfululizo hushika maganda kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja katika hatua yake; kila mvuto wa mkono unatoa risasi iliyokamilika, na kwa saa zinaweza kutoka mamia. Mashine za Dillon, zile za buluu, zimejijengea jina hapa. Ni nzuri, na si za mtu anayeanza. Katika mashine hiyo mambo manne au matano yanatokea kwa mpigo mmoja, na jicho la mgeni linaweza kufuata moja. Fataki ikikwama, anasimama kuirekebisha, na anaporudi hajui ganda lililokuwa chini ya baruti limekwisha kupokea au bado.

Nunua ya hatua moja. Tafuta ya chuma cha kumwaga, yenye umbo la O lililofungwa pande zote, kwa kuwa lile la C hujipinda kidogo maganda magumu yanapobanwa. Rock Chucker ya RCBS ni mfano unaojulikana. Lee, Hornady, Lyman na Redding wana zao. Mashine ya namna hii haitatupwa utakapokua. Wengi walio na mashine ya mfululizo bado wanaitunza ile ya kwanza mwishoni mwa meza kwa kazi ndogondogo, na wengine wamerithi za baba zao.

Rangi isikusumbue. Karibu kampuni zote zimekubaliana skurubu moja: upana wa inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi. Kifaa cha kampuni hii kinaingia kwenye mashine ya kampuni ile.

## Kalibu ndizo zinazofanya kazi

Vifaa hivyo vya juu ndivyo nitakavyoviita kalibu: mirija ya chuma kigumu inayolilazimisha ganda lirudi katika umbo lake. Waliokulia pwani wanaijua mashine ya tambi, ile ya mkono yenye visahani vya kubadilisha. Mashine ni moja, kisahani ndicho kinachoamua tambi zitoke nene au nyembamba. Hapa ni hivyo hivyo. Mashine ni nguvu tu. Kalibu ndiyo yenye vipimo, na kila aina ya risasi ina seti yake.

Seti ya bastola kwa kawaida ina tatu. Ya kwanza inalibana ganda lililotanuka na kuisukuma nje fataki. Ya pili inaupanua mdomo wa ganda kidogo, kichwa kiweze kuingia bila kukwaruzwa. Ya tatu inakikandamiza kichwa mpaka kina kinachotakiwa na kuubana mdomo. Seti ya raifo mara nyingi ina mbili.

Hapa kuna mahali pa kuongeza dola bila majuto. Kalibu ya kwanza ya bastola inunue ya kabaidi ya tungsteni, metali ngumu na laini mno kwa kuteleza: maganda yaliyonyooka hupita humo makavu. Maganda ya raifo yenye shingo nyembamba hayana msamaha huo. Lazima yapakwe mafuta maalumu kabla ya kubanwa, nje na kidogo ndani ya shingo. Yasipopakwa, ganda linang'ang'ania ndani ya kalibu, ukilazimisha kulitoa kitako kinachanika, na jioni yako imekwisha. Kila mjazaji wa raifo ana hadithi yake ya ganda lililokwama.

Utahitaji pia kishikio cha ganda, kisahani chenye mfuo kinacholikamata ganda kwa kitako. Usinunue kabla hujaangalia orodha, maana kishikio kimoja hutumika kwa risasi nyingi: maganda ya .30-06, .308 na hata .45 ACP ya bastola yanaingia kwenye kile kile.

## Vidogo visivyoepukika

- Miwani ya usalama. Fataki zinapachikwa kwa nguvu, na ni vilipuzi.
- Kalipa, kipimo cha taya kinachosoma sehemu ya elfu ya inchi. Kichwa kikizama zaidi ya ilivyoandikwa, nafasi ya gesi inapungua na shinikizo linapanda, hasa katika risasi fupi za bastola.
- Kifaa cha kupachikia fataki, kama mashine yako haina. Cha mkononi kinakupa hisia: fataki iliyozama sawasawa utaijua kwa kidole.
- Kwa raifo: kikata ganda na kikwangua kingo. Ganda la raifo hurefuka kila linapopigwa na kubanwa.
- Nyundo ya kutolea vichwa. Risasi yoyote unayoitilia shaka inafunguliwa, haipigwi ili kuona.
- Daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na risasi bila daftari ni mbaya zaidi. Andika tarehe, baruti, kiasi, kichwa, fataki, na maganda yamejazwa mara ngapi. Boksi nalo libandikwe karatasi.

Vinavyoweza kusubiri ni vingi. Mashine ya kutikisa maganda pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa hung'arisha vizuri, lakini maji ya moto, sabuni na tone la limau vinatosha kwa mwaka wa kwanza, mradi maganda yakaushwe kabisa. Epuka dawa yoyote yenye amonia, inaidhoofisha shaba. Kipima kasi na mashine ya umeme ya kugawa baruti ni vya baadaye.

Vya mtumba? Mashine ya chuma, nunua bila woga: chunguza nyufa, na vuta mkono uone kama nguzo inacheza. Kalibu, sawa, kama hazina kutu ndani. Vitabu vya zamani ni vya kusoma kwa raha, si vya kufuata. Baruti iliyofunguliwa na fataki zisizo katika boksi lake, hata ukipewa bure na mjane wa fundi aliyesifika, shukuru na uziache.

## Meza na nyumba

Meza iwe nzito na imefungwa ukutani. Mkono wa mashine unavutwa kwa nguvu. Mezani kuwe na kopo moja la baruti tu, lile unalolitumia. Redio na simu vizimwe, na watoto wasiingie wakati wa kazi.

Baruti ya kisasa, isiyo na moshi, huwaka kwa kasi ikiwa wazi. Ikifungiwa katika kitu kigumu ndipo inapokuwa bomu. Kwa hiyo usiifiche ndani ya sanduku la chuma lisilopumua kwa kudhani unaongeza usalama. Ibaki kwenye kopo ililokuja nalo, mahali pakavu pasipo joto. Kanuni za NFPA, chama cha Marekani cha kuzuia moto, zinaruhusu hadi ratili 20 za baruti hiyo ndani ya nyumba bila sanduku maalumu la mbao, na fataki 10,000. Mji wako unaweza kuwa na kikomo cha chini zaidi. Anayeanza hahitaji hata robo ya hapo: ratili moja, ukitumia greni 5 kwa risasi, ni risasi 1,400. Fataki nazo zisimiminwe kwenye chupa hata siku moja. Katika boksi lake kila moja imetengwa na mwenziwe. Zikiwa zimerundikana, moja inaziwasha zote.

Fataki nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na masalia yake hubaki kwenye maganda yaliyopigwa na vumbi lake. Usile wala kunywa mezani, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na maganda yasioshwe kwenye sinki la jikoni wala sufuria ya chakula.

## Nani asinunue

Ukijumlisha kitabu, mizani, mashine ya hatua moja, seti moja ya kalibu na vile vidogo, dola zako mia nne zinaweza kukutosha, hasa ukinunua seti ya wanaoanza inayouzwa pamoja katika boksi moja. Fungua boksi hilo dukani kabla ya kulipa uangalie mizani iliyomo. Mara nyingi ndipo kampuni zinapobana matumizi. Ikiwa ni kile kijimizani cha kidijitali cha mfukoni, hesabu bei ya mizani nyingine juu yake.

Ila kama unapiga boksi moja la milimita 9 kwa mwezi, au unawinda mara moja kwa mwaka kwa risasi tano, usinunue chochote kati ya hivi. Nunua risasi za kiwandani. Na kama wewe ni mtu wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, simu sikioni na televisheni mbele, basi hata ukipiga maboksi kumi kwa mwezi, nunua za kiwandani.